Bafu Linalonesa

Motohomu ni nyumba inayotikiswa kutwa nzima. Barabara huzitingisha kuta, kabati na mabomba yake, kisha jioni mwenyewe huegesha, huvua viatu na kuingia bafuni akitaka sakafu itulie kama ya nyumbani. Mara nyingi haitulii. Bafu la gari la namna hii halina zege wala vigae. Lina trei moja ya plastiki, mara nyingi ABS, yenye unene wa milimita tatu au nne, iliyolazwa juu ya vibao vichache au vipande vya povu vilivyobandikwa kiwandani kwa haraka. Kati ya kibao na kibao pana uwazi. Kisigino kikitua juu ya uwazi huo plastiki inanesa, inalia, na kila mara inachoka kidogo zaidi.

Dawa yake ina wafuasi wa madhehebu mawili. Wapo wa kujaza: toboa, puliza povu, maliza. Wapo wa kufungua: ng'oa trei, tazama, kausha, jenga upya. Nimewakalisha meza moja watu wanne, Waswahili wa Uingereza, ninaowaita kwa kazi zao tu. Mwenye gari ni nesi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, ambaye baada ya kustaafu aliona bora kuzunguka na nyumba yake kuliko kukaa ndani akitazama mvua. Mhandisi ni binti yake. Fundi boti alianzia majahazi ya Lamu, na sasa anashughulika na faibaglasi kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Fundi bomba ni kijana wa Dar es Salaam anayefunga mabafu ya majumbani mjini Leicester. Mimi nimejipa ruhusa ya kuingilia.

MWENYE GARI: Niseme mapema kwamba sikuitisha kikao. Nilimwuliza huyu kijana swali moja: nikisimama bafuni sakafu inashuka kidogo na kulia, kuna ubaya gani? Sasa naona watu watatu wamenijazia meza na chai yangu inakwisha.

FUNDI BOMBA: Mama, ubaya upo ila dawa yake ndogo. Chini ya trei kuna uwazi. Natoboa vitundu vitatu vinne, napuliza povu la kopo, linavimba, linajaza, linakauka. Kesho yake unaoga. Gari halivunjwi, ukuta haubanduliwi.

FUNDI BOTI: Na kesho kutwa?

FUNDI BOMBA: Kesho kutwa anaoga tena, mzee.

FUNDI BOTI: Bwana mdogo, umeshaona chini kuna nini kabla hujapuliza? Maana hapo umesema kuziba, hukusema kutengeneza. Kama maji yameshapenya, povu lako litayafungia mle mle juu ya plaiwudi. Mbao ya gari haiozi kwa maji yanayopita. Inaoza kwa maji yasiyo na pa kwenda.

FUNDI BOMBA: Lakini Mama hajasema kuna maji. Kasema inanesa.

MWENYE GARI: Maji sijayaona.

FUNDI BOTI: Utayaonaje, Bi mkubwa, nawe uko juu yake?

Nawakatisha hapa, kwa sababu kunesa na kuvuja ni mtu na mdogo wake, na ni vizuri kujua nani alizaliwa kwanza. Trei ya ABS hutengenezwa kwa karatasi nene ya plastiki inayopashwa moto hadi ilegee, kisha ikavutwa kwa nguvu ya ombwe iingie kwenye umbo. Plastiki ile ile iliyokuwa bapa inalazimika kufunika kina, kona na ngazi. Haivutiki sawasawa: pale inapovutwa zaidi, yaani kwenye kona za chini, hubaki nyembamba kuliko katikati. Kwa hiyo sehemu inayokunjwa kila mtu anapokanyaga ndiyo hiyo hiyo iliyopunjwa kiwandani. Mahali pengine pabaya ni kuzunguka tundu la maji. Trei inapanda na kushuka, bomba lililopita kwenye sakafu ya gari limekaa imara, na tundu linavutwa huku na huku. Ufa wa kwanza huanzia hapo, mwembamba kama unywele, na kwa kuwa trei ni nyeupe na sabuni huacha utando, unaweza kuoga juu yake mwaka mzima bila kuuona.

MHANDISI: Mimi nina swali kabla ya dawa. Nani amethibitisha kwamba kinachonesa ni trei?

FUNDI BOMBA: Dada, si ndiyo anayoikanyaga?

MHANDISI: Anaikanyaga trei, na trei inakanyaga sakafu ya gari. Sakafu hizi ni tabaka tatu: plaiwudi nyembamba juu, povu gumu lenye vijiti vya mbao katikati, plaiwudi nyingine chini. Zimeshikana kwa gundi tu. Gundi ikiachia, plaiwudi ya juu inajitenga na povu na sakafu nzima inakuwa laini, hata kama hakuna mbao iliyooza. Ukijaza povu chini ya trei wakati sakafu yenyewe imeachana, umeongeza kitu kigumu juu ya kitu laini. Kitanesa vile vile, ila sasa kitanesa kwa pamoja.

MWENYE GARI: Na hilo la gundi nalo linatibika?

FUNDI BOTI: Linatibika, tena bila kubomoa. Unatoboa plaiwudi ya juu mistari kwa mistari, unaingiza rezini nyepesi kwa sindano hadi itokee tundu la jirani, unaweka uzito mpaka ishike, kisha unaziba kwa vijiti vya mbao na kuvikata usawa. Kazi ya subira, si kazi ngumu.

Mhandisi ana haki, na wengi hulipia kosa hili. Vipimo vya kutenganisha magonjwa haya mawili havihitaji karakana. Laza pimamaji refu kutoka ukingo mmoja wa trei hadi wa pili, pima kwa rula kutoka pimamaji hadi sakafu ya trei, kisha mtu akanyage kwa kisigino kimoja nawe upime tena. Hiyo inakupa milimita za kunesa, na milimita zinasema zaidi kuliko "kidogo". Baadaye mwingine alale chini ya gari akiwa na tochi, kiganja kikigusa tumbo la sakafu mahali bafu lilipo, wakati wa juu anahama kutoka mguu hadi mguu. Sakafu ikisukuma kiganja, shida iko chini. Kiganja kisipohisi kitu, trei inanesa peke yake.

Kuhusu maji, kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu ni cha jikoni. Ziba tundu kwa kizibo kinachobana vizuri, mimina maji ya kina cha vidole viwili yaliyotiwa rangi ya chakula, weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, uondoke. Ukirudi baada ya saa moja na maji yameshuka chini ya alama, trei ina ufa au kizibo kimekudanganya. Maji yakibaki palepale, toa kizibo uyaachie yatoke kwa kishindo, ukimulika kule chini. Rangi ikionekana wakati huo tu, trei ni nzima na kiungo cha bomba ndicho kinachovuja. Mtu anayeruka kipimo hiki na kununua kopo la povu anacheza bahati nasibu.

FUNDI BOMBA: Sawa, tupime. Tuseme tumepima, pakavu, sakafu nzima, trei haina ufa. Inanesa tu. Hapo bado mnanikatalia povu langu?

FUNDI BOTI: Hapo tunaweza kuzungumza.

MWENYE GARI: Kabla hamjazungumza, mbona hakuna aliyetaja saruji? Kwetu Tanga fundi angemwaga saruji na mchanga chini yake, na pasingenesa tena mpaka Kiyama.

FUNDI BOMBA: Hata majumbani huku ndivyo tunavyofanya, Mama. Trei nyingi nazilaza juu ya tandiko la saruji na mchanga, zinatulia kabisa.

MHANDISI: Nyumba yako haiendi Scotland kila Agosti. Trei hii ni sentimita 60 kwa 70, na uwazi wa chini ni kama sentimita tatu. Hizo ni lita 12 na nusu. Ukizijaza saruji na mchanga umeongeza kilo 25. Ukijaza plaiwudi, kama kilo saba na nusu. Povu gumu halifiki hata nusu kilo. Na gari hili mwisho wake ni kilo 3,500 likiwa na maji, gesi, vyombo na wewe mwenyewe ndani.

MWENYE GARI: Leseni yangu ni ya kabla ya 1997. Inaniruhusu hadi kilo 7,500.

MHANDISI: Iliruhusu hadi ulipotimiza miaka 70. Baada ya hapo walitaka fomu ya daktari, ukasema huna muda. Na hata ungekuwa nayo, kikomo cha gari kimeandikwa kwenye bati la gari, hakisomi leseni yako.

MWENYE GARI: Nimepima watu maisha yangu yote, leo nikapimwe mimi?

FUNDI BOTI: Uzito si neno, mimi ningeikataa saruji hata ingekuwa nyepesi. Tandiko jembamba namna ile juu ya sakafu inayotikisika litapasuka. Vipande vitasagana, na chembe za mchanga zitaanza kuila plastiki kwa chini. Halafu saruji hunywa maji na kuyatunza.

Saruji imekufa kifo cha haraka, na sioni haja ya kuifufua. Povu ndilo lenye mawakili.

FUNDI BOMBA: Mimi si mgeni wa povu. Natumia lile lisilovimba sana, la milango na madirisha. Naweka madumu mawili ya lita 20 yenye maji ndani ya trei, juu ya ubao, yanakuwa kilo 40 za kuikandamiza isiinuke. Siondoi hadi kesho yake.

FUNDI BOTI: Hapo kwenye madumu nakupa heko. Wengi hawaweki, povu linainua trei, katikati panakuwa mgongo, na maji hayaendi tena kwenye tundu. Unaoga, kisha unasukuma maji kwa mguu. Lakini povu la kopo linakauka kwa nini?

FUNDI BOMBA: Kwa hewa.

MHANDISI: Kwa unyevu ulio hewani. Na wewe umelipulizia mahali pasipo na hewa inayopita. Ganda la nje linashika, la ndani linabaki bichi na kunata kwa muda mrefu. Ndiyo maana maelekezo ya makopo mengi hukuambia upulize tabaka jembamba, unyunyize maji, usubiri, uongeze. Kupitia kitundu cha milimita nane huwezi kufanya hivyo. Wala huwezi kujua limefika wapi. Huenda limejaza nusu ya kushoto, na nusu ya kulia bado ni hewa.

FUNDI BOTI: Na povu la dirishani liliumbwa lizuie upepo, halikuumbwa libebe mtu.

MHANDISI: Hilo linahesabika. Mtu wa kilo 90 akisimama kwa kisigino kimoja, kisigino kina kama sentimita za mraba 25. Ni kilo tatu na nusu na zaidi kwa kila sentimita ya mraba. Mbao za povu gumu, zile za XPS wanazouza kwa sakafu za nyumba, nyingi hupimwa kustahimili kama kilo tatu, tena kipimo hicho huchukuliwa likiwa limeshabonyezwa asilimia kumi ya unene wake. Povu la kopo ni laini kuliko hilo. Trei inasaidia kuutawanya mzigo, ndiyo maana povu halibomoki siku ile ile. Linabonyea polepole pale pale unaposimama kila siku, na mwaka wa pili mlio unarudi.

FUNDI BOMBA: Basi lipo lile la chupa mbili, unachanganya na kumimina.

MHANDISI: Hilo ni jingine kabisa, na ungeanza nalo ningekaa kimya. Linashika kwa mwitiko wake lenyewe ndani ya dakika chache, halihitaji hewa, na linauzwa kwa ugumu mbalimbali. Ila linatoa joto na linavimba kwa nguvu, kwa hiyo humimini lote kwa mkupuo. Na yote mawili, la kopo na la chupa, yana kemikali isiyofaa kuvutwa puani. Glavu, miwani, milango wazi.

FUNDI BOTI: Na tone lake lisidondoke ndani ya trei. Nimeona mtu kalidondosha, kakimbilia asetoni kwa sababu kopo limeandika kwamba asetoni husafisha povu bichi. Kweli ilisafisha povu. Pale alipofuta, ABS ikawa na ukungu, ikalainika, alama ya kidole ikabaki. Asetoni inaiyeyusha ABS. Alikuwa na trei inayonesa, akaishia na trei inayonesa yenye jeraha.

Nitasema ninachokiona. Ubishi wa povu gani ni bora ni wa kweli lakini si wa kwanza. Kinachonisumbua katika dawa ya kujaza ni kwamba inaondoa njia. Chini ya trei kuna kiungo cha bomba ambacho siku moja kitahitaji mkono. Kuna maji ambayo siku moja yatapenya, maana hakuna silikoni ya milele. Uwazi ule unaoudhi kisigino ndio pia unaoruhusu unyevu kukauka, na tone kuonekana na mtu anayechungulia. Ukiujaza kabisa umeua mlio, na pamoja nao umeua kengele. Kuiegemeza trei ni lazima, hilo halina mjadala. Mjadala wangu ni kwamba egemeo liache mahali pa maji kupita na jicho kufika.

FUNDI BOMBA: Maneno mazuri, lakini sema basi na bei ya kung'oa. Choo kinatoka. Mbao za ukutani zinatoka kwa sababu zimepandia ukingo wa trei. Silikoni ya miaka 15 unaikwangua kwa wembe. Na trei yenyewe ya ABS iliyozeeka, siku ya baridi, ukiinua kona moja kwa pupa inapasuka mkononi. Utapata wapi nyingine ya gari ambalo kiwanda kilishaacha kulitengeneza?

FUNDI BOTI: Kweli tupu. Ndiyo maana sing'oi bila kuchungulia kwanza. Gari hizi zina mlango mdogo wa nje wa kutolea sanduku la choo. Ukilitoa sanduku, mara nyingi ubavu wa trei uko palepale, na kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu inaingia hadi kwenye tundu la maji. Nikiona mbao nyeusi, nang'oa. Nikiona mbao ya rangi yake na kipima unyevu kinasoma chini ya asilimia 15, nitafanya kazi kupitia pale pale pembeni. Kikivuka 20, msiniambie habari ya kujaza.

MWENYE GARI: Na chaga je? Mnanitazama? Chaga la mbao, kama la kitanda, nililaze ndani ya trei nisimame juu yake. Wengine nimewaona nalo kwenye kambi. Halitobolewi, halipulizwi.

MHANDISI: Mama, linafanya kazi kuliko unavyodhani. Linachukua kilo zako kutoka kwenye kisigino na kuzigawa kwenye eneo kubwa la trei.

FUNDI BOTI: Na linaficha ufa.

MWENYE GARI: Nitaliinua kila nikimaliza kuoga. Nimetandika vitanda vya wodi nzima, chaga moja litanishinda?

Ningeongeza tu kwamba vijiti vya chini vya chaga vikae kulalia pale trei ilipoegemea, visikae katikati ya uwazi, la sivyo umehamisha kisigino kutoka mguuni hadi kwenye mbao. Mafundi hulidharau chaga kwa sababu halina fundi. Kwa mtu anayesubiri majira ya joto ili gari likauke vizuri kabla ya kufunguliwa, ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyosemwa mezani.

MHANDISI: Kuhusu egemeo lenyewe, kuna kanuni moja inayofaa kujulikana. Chukua ukanda wa plastiki ulioegemea pande mbili, uubonyeze katikati. Kushuka kwake kunafuata mchemraba wa urefu wa uwazi. Ukiupunguza uwazi kwa nusu, kushuka kunabaki thumuni. Unene nao una mchemraba wake: ukiwa maradufu, ugumu unapanda mara nane. Kwa hiyo njia ni mbili. Ama upunguze uwazi kwa chini, ama uongeze unene kwa juu.

FUNDI BOMBA: Basi kibao kimoja katikati kinatosha! Thumuni!

FUNDI BOTI: Kibao kimoja chembamba chini ya plastiki nyembamba ni kisu. Plastiki itakunjwa juu ya ukingo wake kila siku mpaka ipasuke kwenye mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Egemeo liwe pana.

MHANDISI: Ningekata XPS ijae eneo lote isipokuwa sentimita kadhaa kuzunguka bomba, na juu yake plaiwudi ya milimita sita ya kutawanya mzigo. Kipimo unachukua kwa boksi la katoni: unalikata, unalijaribu, unalikata tena, kwa sababu tumbo la trei halijanyooka. Gundi isiwe yenye kiyeyushi, inakula XPS. Na waya wowote wa umeme unaopita pale uingie kwenye mfereji wake, kwa sababu ganda la PVC likigusana na polistirini, yaani hiyo XPS, kwa muda mrefu linaharibika.

FUNDI BOTI: Na plaiwudi uipake epoksi pande zote sita, hasa kingo. Watu hupaka juu na chini wakasahau kingo, na mbao hunywa kwa kingo. Mimi ningeigawa XPS vipande, kati yao njia za upana wa vidole viwili zinazoshuka kuelekea upande mmoja, na mwisho wake kitundu kwenye sakafu ya gari chenye kijibomba kilichopakwa epoksi mdomoni. Trei ikivuja, tone linatoka chini ya gari, unaliona ukiwa umeegesha.

FUNDI BOMBA: Mzee, unataka kutoboa sakafu nzima kwa ajili ya uvujaji ambao haujatokea? Baridi itapanda hapo. Maji ya barabarani yatapanda. Panya wa mashambani atapanda.

FUNDI BOTI: Weka wavu, elekeza mdomo nyuma ya gari.

FUNDI BOMBA: Wavu unaziba kwa tope. Halafu kila tundu kwenye sakafu ya tabaka tatu ni mlango wa maji kuingia kwenye povu la katikati. Wewe mwenyewe umesema kingo ndizo zinazokunywa.

Hapa kijana amepiga pale panapouma, na fundi boti alinyamaza kwa muda kabla ya kukubali kwamba tundu lililopakwa vibaya ni baya kuliko kutokuwa na tundu. Mimi bado niko upande wa tundu, lakini kwa fundi anayeaminika tu. Asiyejiamini aziache njia za maji zifunguke upande wa mlango wa sanduku la choo, kisha awe na desturi ya kuchungulia kila anapolimwaga.

MWENYE GARI: Na ikionekana nina ufa tayari?

FUNDI BOTI: Kwanza egemeo, kisha ufa. Ukiziba ufa juu ya trei inayonesa, kiraka kitabanduka. Trei ikishatulia, natoboa kitundu cha milimita tatu kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea. Napiga msasa namba 80 mpaka ung'avu wote uondoke, nafuta kwa pombe ya isopropili, siyo asetoni. Kisha epoksi na kitambaa cha nyuzi za kioo kilichofumwa. Kile cha nyuzi zilizokatwakatwa kinashikiliwa na gundi inayoyeyuka ndani ya rezini ya poliesta, na epoksi haiiyeyushi, basi kinabaki kikavu ndani. Na rezini yenyewe ya poliesta ikigusana na XPS inaila. Watu wananunua poliesta kwa sababu ni rahisi, wanarudi kwangu.

FUNDI BOMBA: Epoksi kwenye baridi hii itashika lini?

FUNDI BOTI: Kwenye nyuzi 20 naiacha wiki moja kabla ya kuoga juu yake. Chini ya nyuzi kumi sianzi kabisa.

FUNDI BOMBA: Basi mwisho niachieni kazi yangu, kwa sababu boti hazina silikoni ya bafu. Kabla sijapiga silikoni kwenye ukingo wa trei na ukuta, nayarudisha madumu yangu mawili ndani. Trei inashuka kidogo, pengo linapanuka, napiga silikoni pengo likiwa pana. Nikiyatoa kesho yake, silikoni inabanwa badala ya kuvutwa. Mkipiga trei ikiwa tupu, siku ya kwanza Mama akisimama silikoni inavutika na kuachia ukutani, na plaiwudi zenu za epoksi zitaanza kulowa kwa juu.

FUNDI BOTI: Hilo sikulijua. Kwetu hakuna anayesimama ukingoni.

MHANDISI: Basi kamera wikiendi hii, na kipimo cha rangi ya chakula. Mbao ikiwa kavu tunaingilia pembeni. Ikiwa nyeusi tunasubiri Mei, na Mama anatumia mabafu ya kambini.

MWENYE GARI: Na chaga nalinunua kesho, mkubali msikubali.